Kamba ya Ghala la Timau

Jumamosi baridi, katika bustani ya umma huko Timau, niliwakuta watu wa kujitolea wakivuta kwa kamba ghala kuukuu la ngano lililoinama. Injinia wa kaunti alitazama, mikono mfukoni. Alikuwa ameshasema kwamba lisiponyooka litabomolewa.

"Vuteni pamoja!" mama mmoja mwenye viatu vya gambuti alipaza sauti. "Babu yangu alipigilia hizi mbao!"

Ghala likasogea, kisha likakwama. Ghafla injinia akavua koti, akashika kamba.

"Haya, tena!"

Likasimama wima! Tulishangilia mpaka sauti zikakauka.

"Injinia, si ulisema libomolewe?" mama akauliza, akihema.

"Mama, hiyo ilikuwa kabla sijavuta."

Wapenzi wa majengo ya kale, mpeni mkubwa kamba kabla hajashika kalamu.