Mke wa Kumwogesha Babu

Nyumba ya wazee imo ndani ya uzio wa chuo, kati ya madarasa na bwalo la chakula. Kengele ya vipindi ikilia, wazee nao huisikia, na wapo wanaohangaika vitandani wakidhani wameitwa. Wanafunzi wa uuguzi hujifunzia humo kugeuza mwili usioweza kujigeuza, kulisha kinywa kisichotaka, kuosha. Nyuma ya uzio inapita njia ya zamani ya wapagazi, siku hizi ni barabara ya bodaboda. Watu wa mjini Tabora husema fulani kapelekwa chuoni kwa sauti ile ile wanayosemea kwamba fulani kapelekwa mahabusu.

Babu yangu tulimpeleka kwa sababu baba alikufa. Baba ndiye aliyekuwa akimwogesha. Mimi nilikuwa nafundisha Kaliua, narudi mwisho wa juma tu. Nyumbani akabaki mama, na mama ni mkaza mwana wake. Kwetu Wanyamwezi, mke wa mwana na baba mkwe wake hupishana njiani kwa adabu, hawagusani, hawatazamani usoni. Miaka yote ya ndoa yake mama alimwekea Babu chakula, akaondoka, ndipo Babu akanawa. Baada ya mazishi alikaa naye ukuta kwa ukuta, akisikia harufu ya shuka lililolowa, asiweze kuingia. Siku aliyonipigia simu kuniambia tumpeleke chuoni alizungumza kama mtu anayeungama.

Kule chuoni kila mwanafunzi hukabidhiwa mzee wake kwa muhula mzima. Babu alikabidhiwa binti wa Ziba, mpole, aliyelelewa vizuri. Mkufunzi alimsifu mbele ya wenzake kwa adabu yake, na kweli alikuwa nayo. Aliingia na beseni, akapiga magoti, akaamkia shikamoo macho yakiwa sakafuni, akampa kikombe kwa mikono miwili huku uso kaugeuzia pembeni.

Babu, ambaye akili yake ilikuwa ikienda na kurudi, alimtazama mara moja tu. Akavuta shuka akajifunika uso.

Tangu siku hiyo hakumruhusu amguse. Alipomsikia anakuja alijikunja ukutani. Binti akadhani heshima yake haijatosha. Akaongeza. Akawa anapiga magoti toka mlangoni, anazungumza kwa kunong'ona, na Babu akazidi kujificha, mpaka chakula nacho akawa hali mbele yake. Hakuna aliyeelewa. Wanafunzi wa kiume wa darasa lile walikuwa vijijini kwa mazoezi, na wasichana wengine waliojaribu kumshika kwa nguvu waliambulia kukwaruzwa.

Kidonda kilianzia kwenye nyonga, doa jekundu tu. Niliporudi Jumamosi moja mkufunzi alinipeleka kitandani akainua shuka, Babu akiwa usingizini. Sitaandika nilichokiona. Mkufunzi, mama mtu mzima asiyependa kuzungusha maneno, aliniambia kwamba kidonda kisipooshwa kila siku na mzee asipogeuzwa, usaha utaingia kwenye damu, na mwili wa umri ule hautapigana. Siku hiyo nilimwosha mwenyewe. Babu alinikubali, ila mikono yangu haikujua kitu. Alilia kwa maumivu nikaishia njiani.

Babu alipotulia aliniuliza kwa nini baba yangu hana akili.

"Anamruhusu mkewe aingie chumbani kwangu," alisema. "Mwanamke yule ana adabu sana. Anamwaibisha kwa nini?"

Ndipo nikaelewa. Binti wa Ziba alikuwa amefanya yote ambayo mkaza mwana hufanya, na Babu akamjua kwa matendo yake. Kwa macho yake, yule alikuwa mama yangu akiwa kijana, kashika beseni, anataka kumvua nguo.

Nilimweleza mkufunzi. Yeye aliona dawa yake ni ukweli. Akaenda kitandani, akamshika Babu mkono, akamwambia taratibu kwamba huyu ni mwanafunzi, si mkwe, na kwamba mwanawe alishafariki. Babu hakuwa na kumbukumbu ya mazishi yale. Alipokea msiba upya, asubuhi ile, mbele ya wanafunzi waliosimama na madaftari yao. Alilia jina la baba yangu mpaka sauti ikakauka. Jioni alikuwa amesahau kifo, lakini hakuwa amesahau mkwe. Binti alipofungua mlango, Babu alijifunika.

Mama alikuja siku iliyofuata. Hakuingia, alikaa barazani kwenye benchi, kitenge kimefunika magoti, akinisikiliza. Kisha akasema jambo ambalo mimi, mwenye vitabu vyangu, sikuwa nimelifikiria. Mke wa mwana haguswi. Mke wa mjukuu ni habari nyingine, huyo ni mtani, babu humwita mke wangu na kumdai chai.

"Mwambie mzee binti ni wako," mama alisema. "Na huyo mtoto aache kupiga magoti."

Tukamwita binti, akatusikiliza akisokota ncha ya aproni. Alikuwa na mchumba, mahari ilishapelekwa kwao. Alisema kudanganya si kitu kikubwa kwake, kikubwa ni kumwendea mzee bila adabu. Hajawahi kumtania mzee yeyote, hata bibi yake mzaa baba. Mama akaanza kumfundisha pale pale barazani, na nilimsikia mama yangu akitamka maneno ya utani ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuruhusiwa kumwambia mzee yule.

Nikatangulia. Nikamwambia Babu nimeoa, mke wangu anakuja kumsalimu. Binti akaingia amesimama wima, kiuno kashika.

"Wewe mume wangu mzee, bado umelala? Wanaume wenzako wako shambani."

Babu alishusha shuka. Alimtazama, akanitazama.

"Huyu ndiye uliyemwoa? Mwembamba hivi, ataweza kulima?"

"Nitaweza kukubeba wewe," alisema binti. "Geuka huko nikuoshe, unanuka kama beberu."

Babu alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, akageuka upande kama alivyoambiwa. Binti alipofunua kidonda utani ulimkauka kinywani, lakini mikono yake haikusita. Mimi nilitoka nje. Mama alikuwa bado kwenye benchi, kauinamisha uso, anasikiliza kicheko cha baba mkwe wake kikipita dirishani.

Kidonda kilianza kujifunga. Kisha muhula ukaisha. Nilimwomba binti aondoke kimya, akakataa, akasema mke anayeondoka bila kuaga ametoroka. Akamwambia Babu anaenda kwao kusalimia. Akaenda Ziba kuolewa.

Babu akamngoja. Wanafunzi wapya walipokuja aliwafukuza wote kwa adabu kabisa, akisema mke wa mjukuu wake yuko njiani. Kila basi la Igunga, upande wa Ziba, lilipopiga honi alijivuta atazame mlango, na bado hakutaka mtu amguse. Niliporudi harufu ilikuwa imeanza tena.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Ukweli wote nilishaona unavyofanya kazi.

"Babu, ameniacha."

Aliutafuta mkono wangu juu ya blanketi akaushika, na mimi ambaye sikuwahi kuoa nikaanza kulia machozi ya kweli, sijui ya nani.

"Usikae mpweke," alisema hatimaye. Akanyoosha kidevu mlangoni, ambako mwanafunzi mpya, msichana wa Goweko, alikuwa amesimama na beseni akingoja kufukuzwa. "Na yule pale? Mwite."

Nilimwita. Alianza kupiga magoti, nikamshika kiwiko nikamzuia, na Babu akageuka upande, mgongo kwetu, akisubiri.