Jino la Akili la Shangazi Mariamu

Nilipokuwa bado mtoto, huko Kasongo, watu walinisikia kabla hawajaniona. Shule niliiacha mapema, na hilo halinisumbui, maana sauti yangu hakuna mwalimu aliyenipa. Niliirithi kwa Shangazi Mariamu, dada ya baba yangu, aliyeongoza wanawake wa mtaa wetu kuimba kaswida za Maulidi. Zote alikuwa nazo kichwani. Hakuandika hata moja.

Mwaka ule, Maulidi ikiwa imekaribia, shavu lake lilivimba kama ameficha andazi zima mdomoni. Dokta wa meno akasema ni jino la akili, limelala upande, ling'olewe. Bibi, mama yake, akakataa kabisa.

"Lile jino linaota mutu akisha kukomaa," alisema. "Wakilitoa, yote uliyojifunza yatatoka pale pale kwenye tundu."

"Mama, hata uji siwezi kumeza," Shangazi alijibu, machozi yakimtoka. Akaenda hospitali.

Bibi naye akamfuata nyuma, akinung'unika njia nzima. Jino lilipotoka aliliomba, akalifunga kwenye pindo la kitenge cha binti yake, ili akili isikae mbali na mwenyewe. Msicheke. Ninyi wenye diploma mnaficha mambo ya ajabu kuliko hayo mifukoni mwenu.

Siku za kwanza Shangazi alilala tu, kwanza na pamba kinywani, kisha akisukutua kwa maji ya chumvi. Bibi alimpozea uji, akamlisha kijiko kwa kijiko. Uvimbe ukaanza kupungua. Basi alasiri moja Shangazi akakaa kwenye mkeka na kujaribu kuimba polepole. Alianza ubeti wa kwanza, akakwama. Akaanza tena, akakwama pale pale. Akamgeukia mama yake.

"Mama, haiko."

"Nini haiko?"

"Kaswida. Haiko tena."

Nilizoea kumwona Shangazi akifokea wanaume wazima sokoni. Siku ile alimwangalia mama yake kama mtoto aliyepotea. Bibi akamsogelea, akamfunika mabega.

"Haizuru, mwanangu. Utakaa hapa kwangu. Hata majina ya watoto wako, nitakuwa nakukumbusha kila asubuhi."

Hapo ndipo mimi, shujaa wenu, niliposimama. Kaswida ile niliisikia tangu nikiwa nimebebwa mgongoni.

"Shangazi, wewe pumzika. Mwaka huu nitaongoza mimi!"

Nikachukua sufuria, nikaipiga kama ngoma, nikaimba kwa pumzi zangu zote. Ubeti wa kwanza, kisha wa tatu, kisha wa pili, na katikati nikatia maneno yangu mwenyewe, mazuri sana.

"Acha!" Shangazi alipiga kelele, akishika shavu kwa maumivu. "Weye mutoto, nani alikufundisha kuharibu hivyo? Wa pili unatangulia, ndipo wa tatu unakuja!"

Na akauimba huo wa pili, kinywa kikifunguka nusu tu, mate yakimchuruzika. Kisha wa tatu. Kisha wa nne, ambao mimi sikuujua kabisa. Bibi akaanza kupiga makofi taratibu, analia na kucheka pamoja. Maulidi ilipofika, Shangazi aliongoza, uso bado umenona upande mmoja.

Sasa mimi ni mtu wa pikipiki, abiria wangu nawafikisha hadi Salamabila, na nyumbani bado wanasimulia kwamba siku ile nilikosea kwa ujanja. Nawaacha wasimulie. Ukweli ni kwamba niliamini naimba kumshinda.

Kuhusu jino, mimi naona hofu ndiyo iliyomfunga Shangazi, na hofu ile aliitia Bibi mwenyewe. Zamani nilikuwa namtania kwa hilo. Siku hizi siwezi. Bibi aliamini kabisa kwamba akili ya mwanawe imekwenda na hairudi, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa la kumkaribisha nyumbani.