Siku Mutakura Ilipoipoteza Seva

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu wazima wazime mashine, kisha waiwashe tena. Nililipwa kwa hilo, na shingoni nilining'iniza kadi yenye picha. Kampuni yetu iliuza mabati, rangi na misumari: ofisi kuu mtaa wa Rohero mjini Bujumbura, bohari mtaa wa Mutakura, na programu moja ya mauzo iliyokaa kwenye seva ya Rohero. Mutakura wakitaka kuuza hata kopo moja la rangi, sharti kompyuta yao iifikie ile seva kwanza.

Ijumaa moja asubuhi haikuifikia. Kwenye skrini yalikaa maneno ya Kifaransa, "Serveur introuvable", yaani seva haionekani. Rohero mambo yalikwenda vizuri, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Bosi wetu, ambaye sote tulimwita Hajji, aliamini kwamba mtandao ukikatika upande mmoja tu, upande huo una mwizi. Alikwenda bohari, akasimama mbele ya wapakiaji, akamwambia mama msimamizi wa bohari kwamba anakata konekisyo ya mtandao makusudi ili auze mali kwa mlango wa nyuma. Akamwita mwizi kwa sauti ya mtu anayenadi vitunguu. Kisha akampa muda: akitoka msikitini akakuta mashine bado, aache funguo aende zake.

Mama yule alikuja Bujumbura akikimbia vita Uvira, Kongo, na mshahara wake ndio uliolisha nyumba nzima. Alinipigia simu akilia.

"Dada, mi sijagusa kitu. Nimezima, nimewasha, nimeomba."

"Umemwomba nani?"

"Mungu. Kwani we ulikuwa unashika simu?"

Nilipofika Mutakura, modemu ilikuwa inang'aa. Alikuwa ameipaka mafuta yaliyoombewa kanisani kwake, tena kwa ukarimu, hadi kwenye matundu ya kebo. Nikaifuta kwa kipande cha kitenge. Sikumlaumu, nimewaona mafundi wenye vyeti wakifanya mabaya zaidi. Niliyemkasirikia ni Hajji, na nilimkasirikia hasa.

Nikaijaribu seva kwa namba yake ya mtandao. Ikaitika papo hapo. Basi njia ilikuwa nzima, hakuna aliyeikata. Nikaijaribu kwa jina lake, kimya. Fundi aliyenitangulia, Mungu amsamehe, alikuwa amepanga kompyuta za Rohero ziitafute seva kwa namba, na ya Mutakura iitafute kwa jina. Kwa hiyo jina lilikuwa limebadilishwa. Nywila ya kulibadilisha tulikuwa nayo wawili tu: mimi, na Hajji, ambaye hawezi kulala akijua kuna mlango wake ambao yeye hana ufunguo.

Nikampigia kabla hajaingia msikitini.

"Hajji, seva umeigusa?"

"Kuigusa namna gani? Jana nimeipa tu jina."

"Jina gani?"

"Ya mama yangu, Mungu amurehemu. Lori ya kwanza iko na jina yake, ya pili nayo, bohari nayo. Mashini ya bei vile itabakia bila jina ya mama? Ninyi muliiacha inaitwa maherufi na manamba, sawa muzigo wa bandari!"

Mjini kwetu malori mengi hubeba jina la mama wa mtu, na hakuna anayeshangaa. Lakini lori halitafutwi kwa jina na kompyuta ya Mutakura.

Kumwambia mtu afute jina la marehemu mama yake, siku ya Ijumaa, viatu ameshavivua mlangoni, sikuwa na ubavu huo. Nikafungua mipangilio ya kompyuta ya bohari, nikaandika jina la mama yake Hajji mahali pa seva, nikahifadhi, nikaiwasha programu upya. Ikafunguka. Mama msimamizi akapiga kigelegele na kumpa Mungu sifa zote. Mimi nilipewa Fanta.

Hajji alikuja baada ya swala, kanzu nyeupe, uso mpole. Nikamweleza kilichotokea kwa sauti ambayo wapakiaji nao wangeisikia. Kusema kweli, nilifurahi sana. Akakohoa.

"Basi, yameisha. Mashini ilikosea."

Mama akatoa funguo za bohari, akaziweka mezani mbele yake.

"Apana, Hajji. Mashini haikuniita mwizi."

Wapakiaji wakatua mabati chini. Hajji akaziangalia funguo, akaniangalia mimi, mimi nikaangalia Fanta yangu. Hatimaye akasema, chini chini, kama anaongea na ndevu zake: "Mama, ni mi nilikosea. Unisamehe."

"Hajji, asubuhi ulisema kwa sauti."

Akarudia, na safari hii hata muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara alisikia.