Baba Alipoamriwa Kubomoa Tembe Letu

Wazungu wa Kijerumani walipoleta reli huku kwetu Ugogo, baba alichukuliwa kufyeka vichaka mbele ya njia yake. Alikuwa mchunga ng'ombe. Sasa alirudi jioni viganja vimechubuka, anakula ugali wa uwele bila kusema neno, kisha analala. Sisi watoto tulidhani ni uchovu.

Asubuhi moja alirudi wakati ambao hakupaswa kurudi, pamoja na wenzake wa kazini na mashoka mabegani. Nyuma yao alikuja nyapara, mtu wa pwani mwenye kiboko mkononi. Hakutusalimu.

"Toeni vyombo," alisema. "Reli inapita hapa."

Mama alikuwa anasaga. Aliinuka, mikono imejaa unga, akamtazama baba.

"Baba watoto, ulijua?"

Baba aliitikia kwa kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu walipopigilia vigingi kule bondeni. Ningekwambia, ungefanya nini? Ungelala usingizi?"

Mama aliingia ndani akaanza kutoa vyungu, ngozi za kulalia, vibuyu vya maziwa. Mimi na dada yangu tulipokea na kupanga chini ya jua. Wanaume walipanda juu ya paa bapa la tembe wakaanza kufukua udongo wake, na vumbi lake likajaa hadi kwenye zizi. Baba alipanda pamoja nao. Nyapara alikuwa amesimama pale pale.

Bibi, mama yake baba, alikataa kutoka. Alikaa kwenye kona yake, udongo unamdondokea kichwani, hata baba akashuka kumfuata.

"Mama, twende. Boriti zitakuangukia."

"Acha ziniangukie. Nyumba hii aliijenga baba yako. Wewe unaivunja, nami nitoke nikakae wapi?"

Baba alimbeba mgongoni kwa nguvu. Bibi alimpiga mabegani kwa ngumi zake dhaifu, na wale wanaume wakageuza nyuso, maana wengi wao walikuwa na mama zao. Nyapara alicheka. Kicheko kile nimekichukia maisha yangu yote.

Boriti zetu zilipelekwa kambini zikawa kuni za jikoni. Sisi pia tulihamia kambini, kwenye kibanda cha nyasi kando ya wavunja mawe, upande wa kuelekea Bahi. Ng'ombe tuliwaacha kwa mjomba na hatukuwaona tena. Mama alimpikia baba, akamfulia, lakini mazungumzo yao yalikwisha siku ile. Alipotaka kumwambia jambo, alimwambia dada yangu naye akalifikisha.

Bibi hakuiona masika. Alipokuwa anakata roho aliomba azikwe nyumbani, karibu na mumewe. Baba alikwenda kuomba ruhusa kwa nyapara.

"Nyumbani wapi?" nyapara alimwuliza. "Pale pana tuta la reli."

Tukamzika nyuma ya kambi, jiwe moja likawa alama. Baba alichimba peke yake, hakutaka msaada wa mtu.

Kabla nyasi hazijaota juu ya kaburi, kambi ilisogezwa mbele kufuata reli, nasi tukaamriwa kuifuata. Miaka mingi baadaye mimi na dada yangu tulirudi kulitafuta kaburi la bibi. Tulizunguka kutwa nzima kwenye miiba. Mawe yalikuwa yametapakaa kila mahali, yote yamefanana, na dada yangu akakaa chini akalia kama mtoto.