Hata Malaika Waliuliza

Nakumbuka wiki ambayo malaika walininyima usingizi. Si kwamba niliwaona, mwanangu, usije ukatangaza kuwa mama yako hutokewa. Ni swali tu lililokuwa likinizunguka: je, malaika ana hiari? Anapotii, anatii kwa kuwa ametaka, au kwa kuwa hana njia nyingine? Na kama hana njia nyingine, kwa nini sisi tukimsifu mtu tunamwita malaika?

Wenzangu hukoseshwa usingizi na maradhi au ugomvi. Mimi nimeumbwa hivi: nikipewa neno moja nalitafuna mpaka mfupa, kisha nautafuna na mfupa. Najua pia kwamba nasaha ni kazi ya wazee, nami si mzee. Nimetoka chuo kikuu juzi tu na ajira ya ualimu bado naingojea. Lakini wewe umelala hapa mapajani mwangu na vijino vyako viwili, na bibi aliyenipa mimi maneno haya hayupo tena kukupa wewe. Basi yapokee kwangu, hata kama yamekuja mapema.

Lilianza siku ile posa ilipokubaliwa. Baba yangu, babu yako Hamadi, alikutana na mzee mmoja wa Kiuyu, wakazungumza, wakaelewana. Mzee yule alikuwa na kijana wake, Hemedi, fundi wa mafriji pale Chake. Nilikuwa nimemwona mara moja, alipokuja kwetu Ole kutengeneza friji ya shangazi. Alisalimia, akafanya kazi yake, akanawa mikono, akaenda zake. Baba aliponiambia, nilijibu kama nilivyomjibu siku zote: "Sawa, baba." Ndivyo nilivyosema alipochagua masomo nitakayosoma, na ndivyo nilivyosema aliponitaka nirudi Pemba badala ya kutafuta kazi bara.

Jioni hiyo nikamsikia mama akizungumza na jirani uani. "Zuwena hana tabu," akasema. "Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia simama, anasimama. Malaika yule."

"Wangu miye kanshinda," jirani akajibu. "Huyo wako ulimlisha nini?"

Wakacheka. Nami nikacheka ndani peke yangu, kisha nikaacha kucheka.

Maana nilikumbuka tuliyofundishwa chuo cha Kurani na Shehe Bakari, tukiwa watoto tumekaa juu ya mkeka. Malaika wameumbwa kwa nuru, hawali, hawalali, hawamuasi Mola katika lolote analowaamrisha. Iblisi aliyekataa kusujudu alikuwa katika majini, na majini wana hiari kama sisi. Utotoni jambo hili lilinifariji. Sasa lilinishtua. Kama kutii kwangu ni kwa aina ile, basi mimi nimekubali nini? Labda sijawahi kukubali jambo lolote maishani mwangu. Labda nimekuwa nikisukumwa tu kama mlango.

Nikaanza kuulizauliza, maana kuuliza si ujinga. Nikampigia Neema, Mkristo wa Songea niliyekaa naye chumba kimoja chuoni Dodoma. Akaniambia kwao mambo si hivyo. Wao hufundishwa kuwa malaika walipewa nafasi ya kuchagua hapo mwanzo; baadhi wakaasi wakaanguka, na mkubwa wao ndiye Shetani. "Kwa hiyo waliobaki, Zuwena, walibaki kwa kutaka." Kisha akacheka, akaniuliza kama huyo mchumba nimempenda au namhesabia mbawa. Nikamwambia mtandao unasumbua.

Nikasoma kwamba kwa Mayahudi wengi malaika ni mjumbe tu, hutumwa kwa kazi yake moja, hana lake. Na siku tuliyokwenda Chake kununua vitambaa vya harusi, mama alipotoka kidogo kutafuta uzi, nikamuuliza Mama Jaya, Mhindi mwenye duka, kama dini yao ina malaika. Alinitazama juu ya miwani. Akasema wanao wakaao juu, lakini wale nao wana tamaa na hasira zao, na wamefika huko kwa mema yao. Mema yakiisha, hurudi chini wakazaliwa upya. "Hata wao hukosea, mwanangu," akasema huku ameshika mkasi. "Sasa nikate mita tatu au nne?"

Nikamwambia akate anavyoona yeye. Akaweka mkasi chini. "Harusi ya nani hii?" akaniuliza.

Neno lile lilinipiga kuliko yote. Nilirudi Ole nalo kama mtu aliyekanyaga mwiba, anatembea tu na hasemi.

Mwanangu, kwetu mwari akikaribia harusi huwekwa ndani. Hatoki juani, hashiki jembe wala ungo, na kila siku husingwa kwa singo, ule udongo wa manukato unaotwangwa kwa karafuu na mawaridi, akasuguliwa mpaka ngozi iwe laini kama ya mtoto. Aliyenisinga mimi ni Bi Mize, mama yake baba. Mikono yake ilikuwa migumu kwa miaka mingi ya kuchambua karafuu, na alinisugua mgongo kama anayesugua sufuria iliyoungua.

Watu wote wa Ole walimjua Bi Mize kwa ndoa yake. Yeye na marehemu Babu Khamisi ndio waliotolewa mfano kila palipofungwa nikaha. Walikula sahani moja mpaka uzeeni. Babu alipofariki, bibi alikaa eda yake, na eda ilipokwisha akaendelea kukaa. Basi nilipoona yeye ndiye wa kuuliza, nikamuuliza kwa kuzunguka, kama ilivyo tabia yangu. Nikaanza na malaika. Nikamweleza ya Shehe Bakari, ya Neema na ya Mama Jaya. Nikamaliza kwa kumuuliza: yeye alipoozwa babu, alijuaje kuwa ametaka?

Mikono yake ikasimama mgongoni pangu.

"Sikutaka," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikataka kugeuka, akanishika bega nisigeuke.

Akanihadithia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Siku ile mashahidi walikuja mlangoni kuchukua idhini yake. Yeye alikuwa akilia tangu asubuhi. Alimtaka mtu mwingine? Hapana, hakumtaka yeyote. Aliogopa tu, alikuwa kigori. Shangazi yake alipoona kilio kitasikika nje, akamziba mdomo kwa kanga. Nje wakauliza. Ndani kimya. Nje wakasema, kanyamaza, karidhia. Wakaenda msikitini.

"Khamisi alikuwa mtu mwema," akasema. "Nilimzoea, kisha nikampenda, na nikifa nataka nizikwe karibu naye. Hilo ni lengine. Miye nakwambia ya siku ile. Malaika wa bega langu siku ile aliandika nini? Huandika tuyasemayo. Miye sikusema kitu."

Nyumba niliyoiona imara maisha yangu yote ilikuwa na mlango ambao sikuwahi kuujua. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sikujua mshindo wenyewe huweza kuchelewa miaka yote hiyo, kisha ukatoka kwenye mgongo wa mjukuu.

Ndipo akanikemea. Nami nilikuwa nikidhani ananihurumia.

"Na weye usinletee malaika," akasema. "Unajificha nyuma yao. Mola alipowaambia ataweka mwanadamu katika ardhi, walifanya nini? Waliuliza. Wakasema, utaweka mle atakayefanya uharibifu na kumwaga damu? Hawakuasi, lakini waliuliza, na hawakufukuzwa kwa kuuliza. Weye una hiari na una shahada, na hujamuuliza baba yako hata swali moja. Huo si umalaika. Huo ni uvivu."

Akaendelea kunisugua, sasa kwa nguvu zaidi.

Siku ya nikaha ikafika, nami bado sijaamua. Ndiyo, mwanangu, mimi ni mtu wa kupima mpaka mizani inachoka. Uani masufuria ya pilau yalikuwa motoni tangu alfajiri. Nilikuwa chumbani nimefunikwa, hina mikononi, wanawake wamejaa, Bi Mize kaegemea ukuta. Pazia la mlango likasogea kidogo. Nje walisimama Shehe Bakari, mashahidi wawili na baba, ambaye ndiye walii wangu, mwenye kuniozesha.

Shehe akatoa salamu. Akanitaja kwa jina langu na la baba yangu, akaniuliza kama nimeridhia kuozwa Hemedi kwa mahari yaliyokubaliwa.

Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua. Lakini mdomo uliozoea neno moja tu haujui lengine likoje, na hata lile moja siku hiyo halikutoka. Kukawa kimya. Nikasikia shahidi mmoja akisema, "Kanyamaza, karidhia," na baba akasema, "Alhamdulillahi, twende, Alasiri isitukute hapa." Nikasikia makubadhi yakigeuka.

"Hamadi," Bi Mize akamwita mwanawe kutoka ndani, wala hakupandisha sauti. "Na miye walisema kanyamaza. Nilikuwa nimezibwa mdomo."

Mwanamke aliyekuwa akipepea chetezo cha udi akaacha kupepea. Mama akaweka mkono kichwani. Nje makubadhi ya baba yakasimama. Alikuwa mtoto wa ndoa ile, mwanangu. Alikuwa amejenga juu yake fahari yake yote, na sasa anaambiwa haya mbele ya mashahidi. Mpaka leo sijui kama bibi alikuwa amepanga kusema, au naye alishtuka kama sisi kujisikia anasema.

Ndipo sauti yangu ikatoka, nyembamba, kama ya mtu mwingine.

"Shehe, nina swali."

"Swali?" akasema shahidi yule. "Hapa si darasani, bibi arusi."

"Mwache," Shehe Bakari akasema.

"Hemedi kaulizwa?"

Nikasikia Shehe akivuta pumzi. Baba akasema polepole kwamba wazee wamekubaliana. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba sikuuliza ya wazee. Kisha nikaogopa nilivyosema, nikaongeza haraka, "Hata malaika waliuliza, Shehe. Ulitufundisha wewe."

Shehe alicheka, lakini kicheko chake hakikuwa cha mzaha. Akawageukia mashahidi akawaambia sheria imetaka mwanamwari aulizwe, na kimya kiliwekwa kwa ajili ya haya yake, hakikuwekwa kwa ajili ya haraka yetu. Akamtuma shahidi yule yule msikitini akamlete Hemedi.

Nilikaa nikingoja huku nikihisi hina inapasuka vidoleni kwa namna nilivyokunja ngumi. Shangazi alinong'ona kuwa nimetia aibu Ole nzima. Mwengine akauliza kama pilau lizimwe moto au liachwe. Hapo nikaamua: akisema ameambiwa tu, nasema hapana, na liwe litakalokuwa. Na nilipoliona neno "hapana" limesimama mbele yangu, niko huru kulichukua, kwa mara ya kwanza nikajua nafsi yangu inaelekea wapi. Nikagundua ninaomba lisihitajike.

Akaja. Alisimama nje ya pazia, anahema kwa kutembezwa haraka. Shehe akamweleza swali.

"Sikuulizwa," Hemedi akasema. "Miye nilidhani kaulizwa yeye, na nikaona yeye akitaka, mimi ni nani nikatae." Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea kwa fundi yule mkimya. "Friji ya shangazi yake haikuwa mbovu sana siku ile. Nilichelewa makusudi, nipate kumwona. Lakini sikumuuliza mtu, kwa hiyo na mimi nimekosa. Sasa namuuliza mwenyewe. Zuwena, unataka? Ukisema hapana, nitawaambia watu mimi ndiye niliyeghairi."

Wanawake wote walinigeukia. Kwetu mwari hasemi, na akisema husema kwa puani. Mimi nilikaa wima, nikaondoa ushungi mdomoni usije ukanizuia, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye masufuria:

"Ndiyo. Nataka. Nimeridhia kwa kinywa changu."

Walishtuka hata wakasahau vigelegele. Cha kwanza alikipiga Bi Mize, kile cha kizamani, kirefu, nami nadhani alikuwa akipiga na kile chake alichokikosa siku ya nikaha yake. Barazani baba yangu alikuwa amekaa chini, mkono machoni. Baadaye aliingia kumbusu mama yake mikono, na kila mmoja wetu akajifanya ana shughuli.

Hivyo ndivyo ulivyopata baba, mwanangu. Malaika wana hiari au hawana? Dini hii inasema hivi, ile inasema vile, nami wa kwetu nawaamini kuwa hawaasi. Lakini wewe si malaika, hata nikikuita hivyo ninapokubembeleza. Watii wazazi wako, na ukitii, tii ukiwa macho. Ukiulizwa, jibu kwa mdomo. Usipoulizwa, uliza, kwa adabu, hata kama sauti inatetemeka. Na ukimkuta mwenzio kanyamaza, usifanye haraka kuondoka na kimya chake.

Jana mama yangu alikutazama umetulia, akasema, "Malaika huyu." Nikamwambia, "Mama, mwite jina lake." Akanitazama sana, kisha akakuita: Mize.

Mola akupe ulimi wenye haya na ukweli pamoja, akulinde na kila mkono wa kukuziba mdomo, na akiandika malaika wa bega lako, awe na kitu cha kuandika. Amin.