Wakili na Magari Mawili Mekundu

Kila Ijumaa baada ya sala, wakili mmoja wa Tiwi alifika yadi ya magari Ukunda, kanzu yake ikinukia udi, kuchagua kati ya magari mawili mekundu ya mbio: lile la muundo mpya na lile la muundo wa zamani, ambao kiwanda kilikuwa kimeacha kuutengeneza. Aliingia la zamani akiwa amelibana tumbo, akaupapasa usukani kwa vidole laini ambavyo havijawahi kubadilisha gurudumu, akasema, "Hili lina roho." Akahamia jipya. "Hili nalo lina akili." Fauzia, muuzaji, aliitikia "Naam, wakili" kwa yote mawili. Hakumkumbusha kwamba njia ya kwake ina mashimo ya kumeza mbuzi, na kwamba magari yote mawili yangelala shimo la kwanza.

Ijumaa moja akaingia jirani wa wakili, daktari wa meno. Daktari akaligusa lile la zamani ubavuni, akasema, "Mashallah, hili ndilo gari!"

"Samahani, hilo nimeshalichukua!" wakili akadakia, kwa sauti ya mahakamani. Akatia sahihi papo hapo, jasho likimtiririka.

"Mabruki," daktari akasema, akampa mkono. Kisha akamgeukia Fauzia. "Basi dada, mimi niandikie lile jipya. Ndilo lililonileta."

Wakili aliyatazama magari yote mawili, mdomo wazi. Fauzia akainama chini ya meza, akijifanya anatafuta kalamu, asionekane anavyocheka.