Kamusi Iliyoishia Herufi S

Kamusi ya Mama Kifungo ilikuwa nzima mpaka herufi S. Kuanzia T hadi Z, binti yake wa miaka miwili, yule Kifungo mwenyewe, alizichana karatasi asubuhi moja, akazitumbukiza kwenye beseni la kufulia, kisha akakaa pembeni kuzitazama zikivimba kama mtu aliyemaliza kazi ya maana. Mama yake hakumpiga. Alizianika tu juani, zikakauka zimegandana kama kipande cha ubao.

Kwa mtu mwingine hiyo ni hasara ndogo. Lakini Mama Kifungo, fundi cherehani aliyeishia darasa la saba, alikuwa mgonjwa wa mchezo wa vigae vya herufi, ule wa kupanga maneno juu ya ubao na kushindania pointi. Na pointi nono zilikuwa hukohuko kulikoliwa na beseni. Ndiyo maana maktaba ya mtaa ilipotangaza mashindano, na zawadi ikawa kamusi mpya yenye jalada gumu na herufi zote, usingizi ulimruka.

"Hiyo ni yangu, mama," alimwambia mama mkwe wake.

"Imeandikwa jina lako?"

"Bado."

Akabuni njia. Mteja hapimwi, hashonewi, mpaka atoe neno moja la kazi yake linaloanzia T kushuka chini. Seremala alimpa tezo, kishoka chake cha kuchongea magogo. Nesi akampa wengu, yaani bandama, akambonyeza ubavuni kumwonyesha mahali pake. Mwashi akampa timazi, ule uzi wenye kitu kizito mwishoni, wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Muuza mkaa alisema yeye hana neno lolote.

"Basi nenda hivyohivyo na suruali imepasuka nyuma."

"Ala! Mwanamke wewe unanifanya mimi zuzu?"

"Ahsante, shemeji. Zuzu linatosha. Vua hiyo suruali, nenda nyuma ya pazia."

Mteja mmoja tu ndiye aliyekataa katakata: karani wa posta, bingwa wa mashindano mara mbili mfululizo, mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni. Alileta koti lake libadilishwe bitana, maana kitambaa cha ndani kilikuwa kimechakaa.

"Maneno yangu nayatunza kwa ajili ya Jumamosi, fundi," alisema akijitazama kwenye kioo. "Wewe endelea kuokotaokota."

Mama Kifungo akachukua koti.

Sasa, kukariri kwake kulikuwa hivi. Mikono ina kazi, daftari halishikiki, kwa hiyo aliandika maneno kwa chaki ya kukatia nguo juu ya kitambaa chochote kilichokuwa mbele yake, hasa bitana. Mguu ukikanyaga cherehani, mdomo unasoma: tezo, wengu, timazi, zuzu. Nguo ikiisha, anapiga brashi, chaki inatoka, mteja hajui kitu.

Siku ya koti la karani, Kifungo alikuwa chini ya meza akichezea vipande vya vitambaa. Ghafla akainuka, akanyoosha kidole kwenye cherehani, akasema, "Zuyu."

"Umesemaje, mama?"

"Zuyu!" Ndivyo ilivyokuwa ikilia kweli, ukisikiliza vizuri. Zuyu, zuyu, zuyu.

Moyo wa mama ukayeyuka. Akaliandika zuyu kwenye bitana ya koti, chini ya yale mengine, asije akasahau kumsimulia baba mtoto, dereva wa lori ambaye hurudi mwisho wa juma. Hapohapo maharage yakaanza kunuka kuungua jikoni, na karani akawa amesimama mlangoni anagongagonga kioo cha saa yake. Mama Kifungo akakunja koti, akampa, akakimbilia sufuria. Brashi ilibaki kwenye msumari wake.

Jumamosi mchana, fainali ilikuwa kati ya wawili hao. Chumba cha maktaba kilijaa, feni ilikuwa inazunguka inapojisikia, watu wanajipepea kwa magazeti. Karani peke yake ndiye aliyevaa koti, amelifunga vifungo vyote viwili, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola.

"Vua koti, bwana," alisema mkutubi, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi.

"Nina baridi," alijibu karani, akafungua kifungo kimoja, akachungulia ndani kidogo, kama mtu anayetafuta leso. Kisha akapanga: tezo.

Mama Kifungo akashtuka. Karani wa posta na tezo wapi na wapi? Zamu iliyofuata, kifungo, kuchungulia, na juu ya ubao likatua wengu. Iliyofuata tena, timazi. Damu ikampanda Mama Kifungo, kisha ikamshuka, maana aliikumbuka brashi kwenye msumari. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yanampiga makofi, na kamusi ile nene ilikuwa inaondoka mbele ya macho yake.

Aseme? Atasema nini, kwamba anachafua nguo za wateja? Halafu akakumbuka neno la mwisho kwenye orodha ile. Akainamisha uso kuficha tabasamu, akajikaza.

Karani akawa mbele kwa pointi kumi na moja. Akachungulia, macho yakamng'aa, akapanga vigae vyake vya mwisho kwa mbwembwe: zuyu.

"Napinga," alisema Mama Kifungo, taratibu.

Kanuni ilikuwa wazi: neno likikosekana kwenye kamusi, linaondolewa na zamu inapotea.

"Pinga tu, fundi. Zuyu ni ndege," karani alisema. "Ndege wa majini. Ana miguu mirefu."

Mkutubi akafungua kamusi ya zawadi. "Zuru... zuzu... Hapa katikati sioni ndege, Bwana Karani."

"Tazama vizuri! Neno lipo, limeandikwa!"

"Limeandikwa wapi?"

"Hapa!" Na kwa hasira karani akalipanua koti lake mbele ya umati mzima.

Watu wakanyoosha shingo kusoma chaki kwenye bitana. Kisha muuza mkaa akaruka kutoka kwenye benchi: "Zuzu langu hilo!"

"Na wengu wangu!" nesi akadakia.

Kicheko kilichofuata kiliiamsha hata feni. Mkutubi alitaka kumfukuza karani mezani, lakini Mama Kifungo akamwombea.

"Mwache acheze. Mwandiko ni wangu, sikupiga brashi. Toa zuyu tu."

"Kwani zuyu ni nini?"

"Cherehani."

"Kwa lugha gani?"

"Ya mwanangu."

Zuyu likaondolewa. Mama Kifungo akavitazama vigae vyake vya mwisho, akaitafuta A iliyokuwa wazi kwenye ubao, akapanga polepole, herufi moja baada ya nyingine: bitana. Alishinda kwa pointi mbili.

Karani alivua koti hatimaye, akalitupia kwenye mkono wake. "Nitalileta Jumatatu ulipige brashi," alinung'unika.

"Karibu sana. Uje na neno."

Nyumbani, Mama Kifungo aliifungua kamusi yake mpya ukurasa wa mwisho, ambako palibaki nafasi nyeupe, akaandika kwa penseli: zuyu, cherehani. Akaifunga, akalibusu jalada, akaipandisha juu kabisa ya kabati. Alipogeuka, Kifungo alikuwa ameshaanza kukokota kiti.